Kazi tatu za mikono za kufanya na mtoto nyumbani, na jinsi maji yanavyoziharibu

Maswali ya mzazi anayeanza huwa ni yale yale. Mbona umbo la unga wa chumvi limepasuka katikati? Mbona bakuli la karatasi linanuka? Mbona muhuri wa kiazi unaacha doa tu, nyota haionekani? Mara nyingi chanzo ni kimoja: maji. Ama yalizidi wakati wa kuchanganya, ama hayakupewa muda wa kutoka. Watu huilaumu mikono ya mtoto au rangi ya bei rahisi, kumbe kosa lilishafanyika zamani kwenye kikombe cha kupimia.

Kazi hizi tatu zimepangwa kwa muda zinaotaka. Ya kwanza inaisha leo leo. Ya pili inachukua siku kadhaa, au siku moja kama una oveni. Ya tatu ni ya karibu wiki nzima. Kama mtoto hajafika miaka mitano, anzeni na ya kwanza hata kama anaonekana mjanja. Ugumu wa kazi haumsumbui sana mtoto mdogo. Kinachomshinda ni kusubiri.

Andaa haya kabla ya kumwita mtoto

- Viazi mviringo 2 au 3, vigumu, visivyonyauka
- Unga wa ngano wa kawaida, ule usiotiwa hamira wala baking powder
- Chumvi laini ya mezani
- Magazeti ya zamani, pamoja na karatasi nyeupe chache zilizokwisha tumika
- Rangi ya maji nzito, ya chupa au ya tyubu
- Sponji 2 za kuoshea vyombo, zikiwa mpya
- Bakuli la plastiki au la bati lenye mdomo mpana kuliko kitako
- Mfuko laini wa plastiki, mafuta ya kupikia kidogo, gundi nyeupe
- Brashi, mkasi wa mtoto, uma, penseli 2, mrija wa kunywea
- Kikombe kimoja tu cha kupimia. Ukianza na kimoja usibadilishe katikati, kwa sababu vipimo vya hapa chini vinategemea uwiano

Tandika meza magazeti tabaka mbili, mvalishe mtoto shati kuukuu, na uweke kitambaa chenye unyevu karibu na mkono wako. Glita iache dukani. Huingia kwenye zulia, kwenye nywele na hatimaye machoni, na hakuna kazi hata moja hapa inayoihitaji.

Kazi ya kwanza: mihuri ya viazi

Kisu ni chako. Mtoto anachora, anapaka rangi, anagonga.

1. Kata kiazi katikati kwa mkato mmoja wa kisu kikubwa, moja kwa moja hadi chini. Ukikata kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, uso unabaki na matuta, na kila tuta litaonekana kwenye karatasi.

2. Laza vipande kwenye kitambaa kikavu, uso uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 10. Kisha futa tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Kiazi kilichokatwa hutoa maji yenye wanga, na maji hayo huifanya rangi iteleze badala ya kushika.

3. Mwache mtoto achore umbo kwa kalamu juu ya uso mkavu: nyota, jani, samaki, duara. Umbo liwe nene. Mkia mwembamba wa samaki utakatika. Mkitaka herufi, ichoreni kinyume, la sivyo itatokea imegeuka.

4. Fuata mchoro kwa ncha ya kisu kidogo, kina cha milimita 5. Halafu kata kutoka ubavuni kuelekea mchoro, kina kile kile, na uondoe nyama ya pembeni hadi umbo libaki limeinuka. Futa maji yaliyotoka upya.

5. Choma uma mgongoni mwa kiazi uwe mpini. Kiazi chenye unyevu huteleza kwenye kiganja kidogo, na kikiteleza karatasini picha yote inachafuka.

6. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe hata tone, iweke kwenye sahani na upake rangi juu yake kwa brashi. Usimimine rangi kwenye sahani tupu. Muhuri ukizamishwa kwenye dimbwi la rangi hubeba nyingi mno, na zinazobaki pembeni ndizo zinazotengeneza lile doa.

7. Weka gazeti lililokunjwa mara nne chini ya karatasi ya kuchapia. Meza ngumu huacha sehemu zisizoguswa. Gazeti hubonyea kidogo na umbo zima likafika.

8. Gonga kwenye sponji, bonyeza kwenye karatasi, hesabuni pamoja hadi tatu, inua wima. Bila kusugua wala kuzungusha. Chapa ya kwanza kwa kawaida huwa mbovu, kwa hiyo ifanyieni kwenye karatasi ya majaribio.

Mihuri hii ni ya siku moja. Kesho yake itakuwa imenyauka na kujikunja kingo.

Kazi ya pili: maumbo ya unga wa chumvi

Huu ni unga wa kufinyanga unaokauka ukawa mgumu. Hufaa kwa mapambo ya kutundika, sahani ndogo ya kuwekea vifungo, au alama ya kiganja cha mtoto.

Kabla ya yote, tahadhari mbili. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vinavyoumiza tumbo, na huu una chumvi nyingi kiasi kwamba mtoto mdogo akimeza donge zima linaweza kumdhuru vibaya. Mbwa naye pia, na mbwa huupenda. Kwa hiyo mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asiupate kabisa, na mabaki yatupwe mahali pasipofikiwa na mnyama. Tazama pia vidole: chumvi ikiingia kwenye mkwaruzo, kazi itaishia kwa kilio.

Vipimo: unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji ya uvuguvugu kikombe 1, lakini hayo maji usiyatie yote.

1. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu. Ukiwa na chumvi ya mawe, isage kwanza. Punje kubwa haziyeyuki na uso utakuwa na chunusi.

2. Tia robo tatu ya kikombe cha maji, changanya kwa mkono. Mwanzoni utaonekana haujashikana. Usikimbilie maji, endelea kukanda dakika mbili.

3. Ukiwa bado unameguka, ongeza maji kijiko kimoja cha chakula, kanda, angalia, ndipo uongeze kingine. Unga ulio sawa hauachi chochote kwenye kiganja, na ukiufinya kati ya vidole kingo zake hazipasuki. Ukinata, nyunyiza unga mkavu.

4. Kanda kwa dakika 8 hadi 10. Hapa mtoto ana kazi ya kutosha. Kisha ufunike kwa kitambaa chenye unyevu na uuache upumzike dakika 20. Ukisukumwa mapema hurudi nyuma na kujikunja.

5. Weka penseli mbili mezani, moja kila upande wa donge, na usukume kwa chupa inayobiringika juu ya penseli hizo. Unga wote utatoka na unene mmoja wa milimita 6 au 7. Unene usiolingana ndio unaopasua: upande mwembamba hukauka na kujivuta wakati mnene bado umelowa, na ufa hupita palepale wanapokutana.

6. Kata maumbo kwa kikombe kidogo, kifuniko, au kisu butu cha mezani. Toboa tundu la kutundikia kwa mrija, sentimita 1 kutoka ukingoni. Likisogea karibu zaidi, litakatika.

7. Mkiunganisha vipande viwili, kwa mfano macho na kichwa, kwaruzeni pande zote mbili kwa uma, pakeni tone la maji, kandamizeni. Kipande kilichowekwa juu tu kitadondoka kikikauka, tena mara nyingi kinadondoka mtoto akiwa amekishika.

8. Kausha. Kwenye oveni: nyuzi 100 za Selsiasi, saa 2 hadi 3, ukigeuza kila baada ya saa moja. Bila oveni: juu ya wavu, kivulini penye upepo, siku 3 hadi 5, ukigeuza asubuhi na jioni. Jua kali siku ya kwanza halifai. Hukausha ngozi ya nje haraka na kufungia maji ndani.

Utajuaje kimekauka? Usitazame rangi pekee. Acha kipoe kabisa, halafu kiguse upande wa chini kwa shavu. Kikiwa na unyevu utahisi ubaridi ambao meza iliyo kando yake haina. Kigonge na kucha pia: kilicho kikavu hulia kama kigae, kibichi hutoa sauti iliyofifia.

9. Paka rangi nzito kwa tabaka nyembamba, moja ikauke ndipo nyingine ifuate. Rangi ya majimaji huyeyusha chumvi ya juu na uso unalainika tena.

10. Funika pande zote mbili, na ndani ya tundu, kwa vanishi. Hiyo aipake mtu mzima, nje au dirisha likiwa wazi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na umbo lisilofunikwa litalegea msimu wa mvua hata kama lilikauka vizuri. Gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo inasaidia, ila haifikii vanishi.

Alama ya kiganja inahitaji unga mnene zaidi, karibu sentimita 1, kwa hiyo ipe muda wa ziada. Bonyeza wewe kidole kimoja kimoja juu ya mkono wa mtoto. Yeye mwenyewe hubonyeza kiganja na kusahau vidole.

Kazi ya tatu: bakuli la karatasi

Hii ndiyo inayoleta maswali mengi, na ndiyo mtoto wa miaka sita na kuendelea atakayoionea fahari. Wengi huanza na puto. Puto linafaa kwa umbo la duara, lakini hubadilika ukubwa joto la chumba likibadilika, hivyo karatasi iliyolowa inajikunja juu yake. Tena vipande vya puto lililopasuka ni hatari ya kumkaba mtoto. Anzeni na bakuli kama kalibu, yaani umbo la kubandikia karatasi.

Gundi ya unga kwanza, siyo karatasi kwanza, kwa sababu inabidi ipoe.

1. Koroga unga nusu kikombe kwenye maji baridi nusu kikombe hadi mabonge yote yaishe. Chemsha maji vikombe 2 kwenye sufuria. Mimina mchanganyiko baridi humo huku ukikoroga bila kuacha, na uupike kwa moto mdogo dakika 2 au 3 mpaka uache weupe wa maziwa na kuanza kung'aa. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, huchelewesha ukungu. Epua, acha ipoe kabisa. Ikipoa itakuwa nzito kuliko ilivyoonekana motoni, uzito wa uji ambao kijiko kikiburuzwa huacha njia kwa muda kidogo.

2. Wakati inapoa, chaneni gazeti. Jaribuni pande zote mbili: upande mmoja litachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine litakwenda ovyo. Fuateni ule unaonyooka. Vipande viwe na upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 10 hadi 12. Msitumie mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi zinazozama kwenye kipande cha jirani. Uliokatwa huacha ngazi ambayo hata msasa hauimalizi. Chaneni na karatasi nyeupe vilevile, mziweke rundo lake.

3. Geuza bakuli kichwa chini, livike mfuko wa plastiki, ingiza kingo za mfuko ndani, upake mafuta kidogo juu. Liweke juu ya kopo ili mdomo wake usiguse meza.

4. Chovya kipande kimoja, kisha kipitishe katikati ya vidole viwili ukikamua kuanzia juu hadi chini. Karatasi inatakiwa ilowe, isidondoke. Mtoto atataka kuruka hapa, maana kuchovya ni kutamu na kukamua siyo. Simama hapo hapo naye kwa vipande kumi vya mwanzo mpaka mkono uzoee.

5. Laza vipande kutoka kitakoni kushuka hadi mdomoni, kila kimoja kikifunika nusu ya jirani yake. Sugua kwa kidole kutoa mapovu ya hewa.

6. Tabaka la pili lifanye kwa karatasi nyeupe, ukizunguka bakuli kwa upande. La tatu gazeti tena, kutoka juu kwenda chini. Rangi zikipishana, mtoto anaona mwenyewe mahali alipoacha wazi, nawe huna haja ya kumwonyesha kosa. Tabaka zikikatizana, bakuli linapata nguvu.

7. Mkifika tabaka tatu, komeni. Acheni likauke siku nzima, saa 24 kwa uchache. Hapa ndipo bakuli nyingi huharibika: watu hubandika tabaka sita kwa mkupuo mmoja, za nje zinakauka, za ndani zinabaki zimelowa na kuota ukungu. Gundi iliyobaki ifunikeni na kuiweka kwenye friji. Itafaa siku mbili tatu.

8. Ongezeni tabaka tatu nyingine kwa mtindo ule ule, kisha likauke tena.

9. Nje ikiwa kavu na ngumu, vuta mfuko taratibu pamoja na karatasi. Ndani patakuwa bado na unyevu, ni kawaida. Lisimamishe mdomo juu, siku moja au mbili, penye hewa.

10. Chora mstari kuzunguka mdomo, kata kwa mkasi, kisha funga ukingo kwa vipande vifupi vya sentimita 4 vinavyopanda kutoka nje na kushukia ndani. Bila hivyo tabaka zitaanza kufunguka pale penye mkato.

11. Paka rangi nyeupe kwanza, tabaka mbili. Herufi za gazeti hupenya rangi ya njano na nyekundu bila aibu. Ikikauka, mtoto achore anachotaka, na hapa usimrekebishie. Malizia na vanishi au gundi nyeupe.

Bakuli hili ni la funguo, penseli na shanga. Halishiki maji, wala chakula kisiwekwe humo.

Mambo yakienda mrama

*Unga wa chumvi umevimba kama mkate.* Oveni ilikuwa na moto mkali, au unga ulikuwa na baking powder. Kama bado haujawa mgumu, choma povu kwa sindano, kandamiza, shusha moto.

*Umepata nyufa ndogo.* Changanya unga, chumvi na maji kuwa rojo nzito laini, jaza ufa, kausha tena polepole. Ufa uliopita upande hadi upande haustahili juhudi hiyo. Gundisha kwa gundi nyeupe, au anza upya.

*Kingo za unga wa chumvi zimejikunja kwenda juu.* Hukugeuza. Ukiwa bado una unyevu kidogo, ugeuze na uweke kitabu kizito juu ya karatasi safi usiku kucha. Ukishakauka haunyooki tena.

*Bakuli limeota madoa ya kijani au meusi.* Litupe. Kupaka rangi juu ya ukungu hakuuui, na hilo si la kuweka chumbani kwa mtoto. Safari nyingine punguza gundi kwenye kila kipande na usogeze kazi penye feni au upepo.

*Bakuli limekataa kutoka kwenye kalibu.* Ama gundi ilipita chini ya mfuko, ama mdomo wa kalibu ni mwembamba kuliko tumbo lake. Pitisha kisu butu kuzunguka ukingo. Likigoma, likate kwa wima kwa mkasi, litoe, kisha ubandike mkato kwa vipande vya karatasi ndani na nje. Baada ya rangi hautaonekana.

*Gundi ina mabonge.* Unga uliingia kwenye maji ya moto moja kwa moja. Ichuje kwa chujio la chai.

*Muhuri unatoa picha iliyofifia katikati.* Uso wa kiazi umebonyea, yaani mkato haukunyooka. Kata tena kipande chembamba usoni, uchonge upya.

*Mtoto amechoka na kazi haijaisha.* Ni sababu nzuri ya kuikata kazi ya bakuli kwa siku: kuchana leo, tabaka tatu kesho, na hivyo hivyo. Vipande vilivyochanwa haviharibiki.

Kusafisha

Usimwage gundi wala unga kwenye sinki, vitaganda kwenye bomba. Futa vyombo kwa gazeti, tupa gazeti kwenye pipa la taka, ndipo uoshe. Sufuria iliyogandiwa na gundi iloweke kwa maji baridi kwanza. Ya moto huzidi kuupika unga na kuukamatisha. Brashi zioshe hapo hapo, uzilaze kwa ubavu zikauke. Ukizisimamisha zikiwa na maji, hutiririka kuingia shinani na nywele zikaanza kung'oka.